Ulikuwa Wapi Siku Ile?

 

Ukitaka wazee waliokaa kimya waanze kuzungumza, waulize walikuwa wapi siku Mzee Jomo Kenyatta alipofariki. Ilikuwa Jumanne, tarehe 22 Agosti 1978, kule Mombasa, na habari ilienea nchi nzima kwa redio ya Sauti ya Kenya. Mmoja atakuambia alikuwa akichuma chai. Mwingine alikuwa ndani ya matatu, na dereva akasimamisha gari kando ya barabara. Mwenye umri mkubwa zaidi atarudi nyuma mpaka Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi mjini Nairobi. Nasi wa rika letu tutataja Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka penye ubalozi wa Marekani na watu 213 wakafa mjini Nairobi. Katika masimulizi haya hutasikia neno "nadhani". Mtu anajua hata kikombe alichokuwa amekishika kilikuwa cha rangi gani.

Je, kumbukumbu ya namna hii yafaa kuaminiwa kiasi gani? Msidhani ni swali la kupitisha wakati. Tumeona ndugu wawili wa tumbo moja wakikaa miaka mitatu bila kusalimiana kwa ajili yake. Wenyewe wameturuhusu tuwasimulie, mradi tusitaje majina wala parishi.

Jambo lao linahusu Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Alfajiri ile askari wa jeshi la anga waliteka kituo cha redio, wakamtoa nyumbani kwake mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, yule aliyefariki mwaka 2025, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye siku hiyohiyo majeshi ya serikali yalikikomboa kituo, lakini mjini milio ya bunduki iliendelea, maduka yakaporwa, na watu wakatembea mikono juu.

Ndugu yule mdogo alikuwa kibarua Nairobi, amepanga chumba kimoja Eastleigh. Anasema alijifungia humo peke yake siku tatu, amelala chini ya kitanda, hana unga wala mafuta ya taa. Kaka yake naye kwa miaka mingi amesimulia kwamba yeye pia alikuwamo: alikuwa amemtembelea mdogo wake, wakalala chini ya kitanda kile pamoja, naye ndiye aliyemtuliza. Katika maziko ya baba yao kaka alisimama kutoa wasifu, akaileta habari ile mbele ya watu wote. Mdogo wake akasema kwa sauti, "Huo ni uongo, hukuwako." Mnajua neno kama hilo, likisemwa penye jeneza, linafanya nini katika ukoo.

Walipotujia tuliwasikiliza kila mmoja kwa wakati wake, na kwa kweli hatukuona mwongo hata mmoja. Kaka alitoa machozi alipoeleza milio ile. Hapo tukakumbuka mambo tuliyofundishwa katika chuo cha theolojia, katika masomo ya ushauri, ambayo wakati ule tuliyaandika daftarini kwa ajili ya mtihani tu.

Wataalamu wa Marekani wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1899 mmoja wao, F. W. Colegrove, alichapisha majibu ya watu 179 aliowauliza walikuwa wapi waliposikia kwamba Rais Lincoln amepigwa risasi. Lincoln aliuawa mwaka 1865, zaidi ya miaka 30 kabla, lakini watu 127 kati yao walieleza mahali na saa na yule aliyewaletea habari. Mwaka 1977 Roger Brown na James Kulik wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu 80 habari za kifo cha Rais Kennedy na vifo vingine. Wakafikiri kwamba habari ya kushtua huwasha ubongo kama vile mpiga picha awashavyo taa ya kamera, na kila kilichokuwapo kinanaswa. Tena waliona kwamba kifo cha Martin Luther King kilikumbukwa hivyo na Wamarekani weusi wengi kuliko weupe. Yaani picha hunaswa pale tukio linapomgusa mtu mwenyewe.

Mpaka hapo kaka anaelekea kushinda kesi. Lakini angalieni, hakuna kati ya watafiti hao aliyeweza kujua kama majibu yale ni ya kweli. Waliuliza miaka imekwisha kupita.

Aliyepata njia ya kupima ni Ulric Neisser. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga kiitwacho Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kurushwa, watu wote saba waliokuwamo wakafa, miongoni mwao mwalimu wa shule. Kesho yake asubuhi wanafunzi 106 wa Chuo Kikuu cha Emory walipewa karatasi waandike walisikiaje habari hiyo. Karatasi zikawekwa. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwatafuta 44 kati yao, wakawauliza maswali yaleyale. Watatu tu ndio waliopatana kabisa na maandishi yao. Kumi na mmoja hawakupatana hata kidogo. Msichana mmoja alikuwa ameandika kwamba alisikia akiwa katika darasa la dini, watu walipoingia wakizungumza. Sasa akasema alikuwa bwenini akiangalia televisheni pamoja na mwenzake. Waliodai kwamba walijua habari kwa televisheni walikuwa wameongezeka zaidi ya mara mbili. Wala hawakubabaika, waliokosea kabisa waliweza kuwa na hakika sawasawa na waliosema kweli. Hata walipoonyeshwa karatasi zao, kumbukumbu ya kwanza haikuwarudia. Mwandiko waliutambua, lakini picha iliyokuwa vichwani ilibaki ileile.

Yatokeaje? Tunapokumbuka hatufungui sanduku na kutoa picha iliyokunjwa. Tunaijenga habari upya kwa vipande, na vipande vya siku mbalimbali hushikana: tulichosikia asubuhi, tulichoona jioni, tulichoambiwa na jirani juma lililofuata. Kisha tunaisimulia, na mara ya pili tunakumbuka masimulizi. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, watafiti waliwafuata Wamarekani zaidi ya 3,000 kwa miaka. Waliona kwamba kusahau kwingi hutokea mwaka wa kwanza. Baada ya hapo habari hukaza, na kosa lililokwisha kuingia hurudiwa lilivyo kila mara. Hata hofu na huzuni waliyoisikia siku ile waliikumbuka vibaya kuliko mahali walipokuwa.

Tusiwanyoshee Wamarekani kidole. Sisi tunaozungumza nanyi tumehubiri zaidi ya mara moja jinsi tulivyouona moshi wa Agosti 1998 katika televisheni ya nyumbani kwetu, mama amesimama mlangoni na ufagio. Dada yetu akatusikia siku moja, akacheka sana. Televisheni ile ilinunuliwa mwaka 2002, kabla ya uchaguzi. Ufagio hakuukana.

Lakini si kila kumbukumbu ni dhaifu vile. Lilipotokea tetemeko la ardhi huko California mwezi Oktoba 1989, Neisser na wenzake waliwauliza waliokuwako na waliosikia tu habari wakiwa mbali, huko Atlanta. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, wale ambao ardhi iliwatikisa wenyewe walikumbuka karibu bila kosa. Wale wa mbali walipungukiwa, ila waliokuwa na jamaa kule walikumbuka vizuri kuliko wasio na jamaa. Tuliposoma hayo tukamfikiria yule mdogo, chini ya kitanda.

Basi kaka alikuwa ametuambia kwamba ujanani mwake, huku kijijini, alikuwa miongoni mwa waliohesabu sadaka. Tukafungua kabati la chuma la ofisi ya parishi. Daftari za sadaka za miaka ile zilikuwamo, zimeliwa na mchwa pembeni. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 ibada ilifanyika kama kawaida; sadaka ilikuwa shilingi 41 na senti 35, na chini yake kuna sahihi mbili za waliohesabu. Ya pili ni ya kaka.

Tulikaa na daftari lile siku kadhaa. Kumwaibisha mzee wa miaka zaidi ya 60 kwa karatasi ni jambo jepesi, na hata leo hatuna hakika kama njia tuliyoifuata ilikuwa njema. Mwisho tuliwaita wote wawili, tukawasomea kwanza habari ya wale wanafunzi 44 na ile ya televisheni yetu. Kisha tukaliweka daftari mezani.

Kaka aliliangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Hii ni sahihi yangu. Lakini mimi nilikuwa Nairobi." Mke wake, aliyekuwa amekuja naye, akasema polepole, "Ulikwenda, baba. Ulikwenda Alhamisi. Mama alikutuma umtafute mtoto wake, na mlisimamishwa na askari kila mahali njiani. Uliporudi hukulala usiku mbili." Basi ile hofu ilikuwa yake kweli, na milio alisimuliwa na mdogo wake usiku ule alipofika, wamekaa juu ya kitanda kilekile.

Mdogo akasema, "Mimi sikukasirika kwa sababu ulijisifu. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa peke yangu, na kila ukisimulia, hakuna anayeniuliza."

Kaka akalifunga daftari, akalisukuma kando. Akauliza, "Sasa siku hizo tatu ulikula nini?"

Mdogo wake akavuta kiti karibu, akaanza kumweleza.