Plaketi za Nyuma Kwenye Njia ya Shasha

Kutoka Sake, mashariki mwa Kongo, barabara ya taifa namba 2 inafuata ukingo wa Ziwa Kivu kuelekea kusini: Shasha, Bweremana, Minova, na mbele kabisa Bukavu. Njia nyingine inaacha ziwa na kupanda milima ya malisho kupitia Mushaki hadi Masisi. Huko juu hutoka maharage, viazi na jibini, na gari likishapakia, safari ya kurudi ziwani ni ya kushuka. Wakati wa jua ni vumbi, wakati wa mvua ni tope.

Tope hilo hurushwa na magurudumu ya mbele na kwenda kuganda nyuma, mahali ambapo watu wachache huchungulia. Breki za mbele ndizo zenye kazi kubwa, kwa kuwa gari likipigwa breki uzito wake hulalia mbele. Basi za mbele hukaguliwa, za nyuma zikasahauliwa mpaka zianze kukwaruza chuma kwa chuma.

Breki ya diski haina fumbo. Sahani ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu, na kalipa imeipakata. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma bastola, nayo huzibana plaketi mbili kwenye sahani. Plaketi ndilo jina lake Goma. Nairobi na Dar es Salaam wanasema pedi za breki. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya namna hii mwaka 1902, akitumia pedi za shaba. Zililika upesi, kwa sababu barabara za kwao zilikuwa bado za vumbi na mashimo. Dereva wa Shasha angemwelewa mara moja.

Plaketi mpya huwa na nyama ya milimita 10 hivi. Ikibaki 3, ni wakati wa kubadilisha, na hubadilishwa gurudumu la kushoto na la kulia kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Fundi makini huanza kwa kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha huachia hendibreki. Jeki hunyanyua tu. Gari lazima likae juu ya stendi imara kabla mtu hajaingiza mkono. Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, maana plaketi nyingine za zamani zina asbesto. Hufutwa kwa kitambaa kibichi.

Kisha plaketi za zamani hulazwa juu ya gunia, ya ndani na ya nje, na hapo ndipo penye utamu wa kazi. Ya nje bado ina nusu ya unene wake. Ya ndani imebaki kama sarafu. Kwa kawaida hiyo ni dalili kwamba pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekamatwa na kutu na tope. Anayefunga plaketi mpya bila kuzichomoa pini hizo, kuzisugua na kuzipaka grisi ya breki, amebadilisha vyuma tu. Ugonjwa ameuacha mlemle.

Bastola nayo inataka kujulikana. Kwenye Prado na Toyota nyingine nyingi, hendibreki ina viatu vyake ndani ya sahani, hivyo bastola hurudishwa kwa kuisukuma taratibu. Kwenye magari kama Golf, hendibreki imo ndani ya kalipa yenyewe: bastola hurudi kwa kuzungushwa kama skrubu huku ikisukumwa. Kuigandamiza kwa nguvu ni kuiharibu. Zenye hendibreki ya umeme hutaka kwanza mota ifunguliwe kwa kompyuta. Wakati bastola inarudi, mafuta hupanda kwenye kopo lake, na yakimwagika hula rangi ya gari.

Mafuta hayo hufyonza unyevu. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu wenye mzigo, mafuta yakichemka pedali huzama hadi sakafuni.

Kazi ikiisha, pedali hukanyagwa mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Anayeruka hatua hii atakanyaga hewa kwenye kona ya kwanza. Halafu gari huendeshwa mahali tambarare, likisimamishwa polepole mara nyingi, ili plaketi na sahani zizoeane kabla ya kupakiwa viazi vya Masisi.