Somo la Redio: Bisibisi ya Betri Inayogonga

Fungueni madaftari, maana somo la leo lina maneno matatu ya kusoma na hesabu moja ya kufanya.

Twazungumza habari za chombo cha seremala na fundi wa kupaua nyumba. Ni bisibisi inayozungushwa kwa nguvu ya betri, haina waya. Kwa sura yafanana na drili ndogo. Ina mpini, ina kifyatulio cha kubonyeza kwa kidole, na mbele ina tundu la pembe sita la kupachikia biti. Lakini ndani ni kitu kingine. Someni maneno haya: NYUNDO, FUAWE, SPRINGI.

Skrubu ikiingia kwa wepesi, vitu hivyo vitatu huzunguka pamoja. Skrubu ikianza kuwa nzito, fuawe husita. Hapo nyundo hurudi nyuma na kuikandamiza springi, kisha springi huirudisha mbele kwa nguvu, nayo hupiga fuawe ubavuni. Kwa dakika moja mapigo yaweza kupita 3,000. Ndiyo ule mlio wa ta-ta-ta-ta unaousikia panapojengwa nyumba. Mapigo hayo huzungusha skrubu tu, hayaisukumi kwenda mbele. Basi usikitumie kutobolea zege. Kazi hiyo ina drili yake.

Faida yake ni kwamba mkono haupindwi. Drili ya kawaida, skrubu ikikwama, hutaka kuuzungusha mkono wa fundi pamoja nayo. Lakini katika faida hiyo ndimo mlimo na hasara. Mkono usiposikia uzito, fundi hajui amekaza kiasi gani. Drili nyingi za betri zina klachi inayoachia skrubu ikifika kiasi ulichopanga. Chombo hiki kwa kawaida hakina. Huendelea kugonga mpaka uondoe kidole.

Tazama kazi ya bati. Skrubu ya bati ina washa ya mpira chini ya kichwa, na mpira huo ndio unaozuia maji. Ukikaza kidogo mno, maji hupita. Ukikaza kupita kiasi, mpira hupasuka na bati hubonyea, na maji hupita vile vile. Kiasi kizuri ni mpira ulale sawa juu ya bati, ubanwe kidogo, usijitokeze sana nje ya kofia yake. Mwenye nyumba haoni kosa siku ile ya kulipa fundi. Huliona masika, usiku, tone linapoanguka kitandani.

Kwa hiyo anza polepole. Kifyatulio ukikibonyeza kidogo, chombo huzunguka kidogo. Simamisha skrubu wima, sukuma kwa mkono ulionyoka, na ukisikia mapigo yameanza, jua kwamba skrubu imeanza kuwa nzito. Hapo gonga kidogo, acha, tazama. Gonga tena, acha. Kwenye mbao ngumu kama mninga, hasa karibu na ncha ya ubao, toboa kwanza tundu jembamba kwa drili. Usipofanya hivyo, ubao utapasuka au skrubu itakatika shingo. Tumia biti zilizotengenezwa kwa chombo cha kugonga. Nyingine huvunjika, na kipande chaweza kuruka jichoni. Vaa miwani ya kazi. Ziba na masikio, maana ndani ya chumba mlio huo ni mkali kweli kweli.

Sasa hesabu. Betri nyingi za chombo hiki zina seli tano zilizofuatana, kila moja ya volti 3.6. Zidisheni: 3.6 mara 5 ni 18. Mbona dukani kuna nyingine zilizoandikwa 20? Seli ikitoka kuchajiwa huwa na volti 4 hivi, na 4 mara 5 ni 20. Seli ni zile zile, hesabu ndiyo iliyofanywa wakati mwingine. Muuzaji akitaka pesa zaidi kwa sababu ya 20 peke yake, mwambie afanye hesabu hii mbele yako. Betri iliyovimba au kupasuka usiichaji kamwe, yaweza kuwaka moto. Na kila ubadilishapo biti, chomoa betri kwanza, ili kidole kisije kikagusa kifyatulio biti ikiwa mkononi.