Moteri inapumua sawa mtu: kutoka Safari Rally mpaka shimo la Kasulo

Hapa Kasulo, hata mtoto wa miaka sita, ukimfunga macho, atakuambia ni moteri gani inalia inje. Ile ni moto inabeba mifuko. Ile ni gurupe ya jirani, kuriya imekatika. Ile ni motopompu ya wale wanatosha maji mu shimo. Na ile nzito kabisa, inayotetemesha dirisha, ni kamio ya kampuni kule barabarani.

Tunaishi na moteri asubuhi mpaka usiku. Lakini ukiuliza vijana moteri inakula nini, wote watajibu: esanse, ao mazutu. Ni kweli, lakini hesabu haijaisha. Moteri inakula hewa, tena nyingi kuliko esanse, mara maelfu. Habari hiyo tuliikuta mu mashindano ya motuka za zamani, na tumeona ni vizuri kuileta nyumbani, juu hapa kwetu inaweza kuokoa mtu.

Motuka za misuli

Miaka ya 1960, kule Marekani, viwanda vilianza kuchukua motuka ya kawaida, ya kupeleka watoto kwenye masomo, na kuitia moteri kubwa ya silindiri nane. Silindiri zinapangwa nne huku, nne kule, zimeinama sawa herufi V. Ndiyo maana inaitwa V8. Watu wakaziita motuka za misuli. Pontiac GTO ya 1964 ilikuwa na moteri ya litre 6,4. Mwaka uleule, Richard Petty alishinda mashindano ya Daytona 500 na Plymouth yenye moteri ya Chrysler iliyoitwa Hemi, ya litre 7.

Litre hizo si za esanse mu tanki. Ni nafasi ambayo pistoni zinafungua zikishuka, nafasi ya kumeza hewa. Pistoni inashuka: supapu ya kwanza inafunguka, hewa na esanse vinaingia. Inapanda: inavikamua. Buji inatoa moto, na moto unasukuma pistoni chini. Hapo ndipo nguvu inatoka. Inapanda tena: supapu ya pili inafunguka, moshi unatoka. Mara nne, kisha inaanza upya. Moto ya taksi ya hapa mjini iko na cm³ 125. V8 ya litre 4,7 inameza sawa moto 38 pamoja.

Kwa hiyo mtu aliyetaka nguvu mingi alikuwa na njia moja rahisi: kupanua silindiri ili zimeze hewa mingi zaidi. Na kwenye njia ya lami iliyonyooka, hiyo inatosha.

Pasaka ya 1964

Lakini Afrika ina njia yake. Tangu 1953, mu Kenya, Uganda na Tanganyika, watu walifanya mashindano makali yaliyokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Safari Rally. Karibu km 5.000 siku za Pasaka: vumbi jekundu sawa la kwetu, mawe, mito, na mvua ikinyesha, matope mpaka kwenye milango. Mwaka wa 1963, motuka 84 zilianza, saba tu zikamaliza.

Mwaka uliofuata, watu wa Ford wa Marekani wakaja na Mercury Comet zao za V8 ya litre 4,7. Hawakuja mikono mitupu. Miezi michache mbele, Comet nne zilizungushwa kule Daytona, mchana na usiku, kila moja km 160.000, kwa mwendo wa kati unaopita km 165 kwa saa. Ulikuwa ushahidi mkubwa. Motuka inayoweza hiyo, nani ataishinda?

Safari ya 1964 ilianza na motuka 94, zikamaliza 21. Comet zilizofika zilikuwa mbili tu, na zote mbili nyuma kabisa ya orodha. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya, pamoja na Billy Young, ndani ya Ford Cortina GT yenye moteri ya litre 1,5. Kampuni ni ileile, Ford. Lakini kadogo kakapita mkubwa.

Wachimbaji hawatashangaa. Mtu anaweza kuwa na mikono minene, akaja na nyundo ya kilo kumi, lakini mu galeri nyembamba anachoka mbele ya yule mwembamba anayejua kupiga. Uzito unaomba breki, unaomba mataiki, unaomba ressori. Moteri kubwa inatoa moto mwingi, na moto ule inafaa radiatere iutoe. Kwenye lami ya Daytona upepo unapiga radiatere saa zote. Kwenye matope ya Safari, motuka inazama, moteri inalia, upepo hakuna.

Tena kuna jambo la mlima. Hewa ya juu ni nyepesi. Kila metre 100 tukipanda, moteri isiyo na turbo inapoteza karibu 1 kwa mia ya nguvu zake. Kolwezi yetu iko zaidi ya metre 1.400, ni kusema moteri yako inafanya kazi hapa na karibu 14 kwa mia pungufu. Nyanda za juu za Kenya ni vilevile, na pengine zaidi.

Fundi aliyejua kusikiliza

Ndani ya Comet moja kati ya zile mbili zilizomaliza, alikuwa Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka wa 1932, na alikuwa mekanisie mbele ya kuwa mshindani. Alitumika kwenye chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake kusaidia motuka zilizokufa njiani. Mtu wa namna hiyo ameona kila kosa ambalo moteri inaweza kufanya, tena ameliona kwenye jua, mbali na garaji.

Mwaka wa 1965, mwaka mmoja nyuma ya Comet, alirudi na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544, motuka iliyokwisha kutumika, moteri litre 1,8. Wakashinda. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Alianza Safari 22, akamaliza 19, na hesabu hiyo ya pili inatushangaza kuliko ushindi wenyewe. Motuka haikuvunjika mikononi mwake, juu alikuwa anaisikiliza.

Basi, V8 ilikufa mu Afrika? Apana. Kuanzia 2003 kuna Safari ya motuka za zamani, inayokumbuka miaka ile. Na mwaka wa 2009 mshindi alikuwa Ian Duncan wa Kenya, pamoja na Amaar Slatch, ndani ya Ford Mustang. Mustang, mtoto wa Ford, yenye V8, aliyezinduliwa Aprili 1964, wiki chache tu nyuma ya Comet kushindwa. Miaka 45 ilipita. Duncan yeye ni mtu wa njia zile, alikwisha kushinda Safari Rally ya 1994 na Toyota Celica. Misuli ilishinda siku ilipopata dereva anayejua vumbi.

Kobalti ndani ya supapu

Kuna kitu kingine kinachotuhusu sisi wa Lualaba. Siku hizi ukitaja kobalti, kila mtu anafikiri batri ya simu na motuka ya umeme. Lakini kobalti iliingia ndani ya moteri ya esanse zamani sana.

Supapu ile ya kutoa moshi ndiyo inateseka kuliko zote. Moto unapita juu yake mara maelfu kwa dakika, mpaka inakuwa nyekundu, na bado inafaa ifunge vizuri bila kuliwa. Chuma cha kawaida kinachoka. Mtu mmoja wa Marekani, Elwood Haynes, ambaye mwaka wa 1894 alikuwa kati ya watu wa kwanza kule kuendesha motuka ya esanse, baadaye alichanganya kobalti na kromu, kisha akaongeza tungsteni. Mchanganyiko ule, Stellite, unabaki mgumu hata ukiwa mwekundu kwa moto. Ukapakwa kwenye uso wa supapu za moteri za ndege, za kamio kubwa na za mashindano. Na radiatere za wakati ule zilikuwa za shaba. Katanga ilikuwa inatoa shaba na kobalti kwa dunia. Kwa hiyo, yawezekana jasho la babu zetu lilizunguka pia kule Daytona.

Sasa turudi kwenye shimo

Tulisema moteri inapumua. Tufanye hesabu ya nyumbani. Motopompu ndogo iko na moteri ya cm³ 200 hivi. Ikizunguka mara 3.000 kwa dakika, inameza hewa mara 1.500, ni kusema litre 300 kila dakika. Mtu anayechimba kwa nguvu anavuta karibu litre 50. Motopompu moja, kwa hiyo, inapumua sawa wachimbaji sita.

Chukua shimo la metre moja kwa metre moja, urefu metre 10. Ndani mna litre 10.000 za hewa. Ukishusha motopompu mule, mu nusu saa hivi imekwisha kumeza hewa yote ya shimo.

Lakini mtu hatafika nusu saa. Moteri inakula hewa na kurudisha sumu. Moshi wa esanse una gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Ikiingia kwenye damu inashika nafasi ya hewa nzuri na inakatala kutoka. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, miguu inakuwa laini, mtu anataka kutapika, anakaa chini kupumzika kidogo. Hasimami tena.

Tunajua sababu ya watu kushusha motopompu. Si ujinga. Pompu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji kutoka chini sana: kwa mlima wetu, hata ikiwa mupya, ikipita metre 6 ao 7 inaanza kuchoka, na mbele kidogo inavuta upepo tu. Maji yako metre 15, mkubwa wa shimo anataka kazi iendelee, basi wanafunga kamba, wanaishusha.

Iko njia nyingine. Gurupe inabaki juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ule upepo unapeleka moshi mbali; inayoshuka ni pompu ya umeme ya kuzama majini, na mtu hayuko ndani ya maji ikiwa inatumika. Ni bei kubwa zaidi, tunajua. Watu wa mashimo matatu ao manne wanaweza kuchanga. Na ile mashine inayopeleka hewa chini, mdomo wake usivute karibu na bomba la moshi, maana utakuwa unatumia wenzako sumu kwa tuyo.

Na ikiwa mtu amekwisha kuanguka chini, wa kwanza zima moteri, peleka hewa safi. Usiruke kumfuata. Tunajua ni vigumu, ni ndugu yako, anaitwa haitiki. Lakini mara mingi ndivyo shimo moja linavyobeba watatu: wa kwanza kwa kazi, wa pili na wa tatu kwa mapendo.

Mama, wewe uliye nyumbani, una swali moja la kumuuliza baba mbele ya kutoka: "Motopompu iko juu ao iko chini?" Akijibu "chini", mshike mkono kwanza, muongee.

Joginder alimaliza Safari 19 kati ya 22. Motuka zenye nguvu zaidi zilibaki njiani. Kwetu pia, kushinda ni kurudi nyumbani jioni.