Robota likitoka Simiyu, nini kinabaki?

Kijana mmoja wa Itilima ameniuliza: "Bwana shamba, mkoa wetu unaongoza kwa pamba nchini, mbona mfukoni hatuongozi?"

Twende kinuni. Kilo 100 za pamba mbegu zikichambuliwa hutoa nyuzi kama kilo 35 hadi 40. Kilichobaki karibu chote ni mbegu. Nyuzi zinafungwa marobota, na sehemu kubwa inauzwa nje ya nchi hata uzi haijasokotwa. Bei inafuata soko la dunia, si mzani wa AMCOS yako. Msimu wa 2019 tuliona: bei ya dunia iliporomoka, wanunuzi wakasuasua, wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri hela zao.

Sasa angalia Lesotho, kanchi kadogo kaliko katikati ya Afrika Kusini. Pamba wananunua nje, lakini wanashona jinzi zinazovaliwa Marekani. Ajira za viwandani zimebaki kwao. Sisi wenye pamba tunanunua mitumba mnadani! (Na mimi nimevaa, sikatai.)

Kiwanda cha nguo hatutakijenga mimi na wewe msimu huu. Ila mkoa huu umeshaonyesha kitu na ile kaulimbiu ya wilaya moja, bidhaa moja: vijana wa Maswa walitengeneza chaki, Meatu wakasindika maziwa. Kwa hiyo anza na kilicho karibu.

Kwanza ekari yako. Nafasi ya zamani ya sentimita 90 kwa 40 inakupa mashimo kama 11,000 kwa ekari. Ya 60 kwa 30 inakupa zaidi ya 22,000, kwenye ardhi ile ile. Punguzia ibaki miche miwili kila shimo. Nikipita mashambani bado naona watu wanamwaga mbegu ovyo, halafu wanailaumu bei. Bei huiwezi. Kamba ya kupandia unaiweza.

Pili, zile mbegu. Zikikamuliwa mafuta, yanabaki mashudu, na hapa ndipo naona hela ya kijana. Ng'ombe aliyekonda ananunuliwa mnadani, anafungiwa zizini miezi mitatu hivi, anakula mashudu na pumba pamoja na majani makavu, anauzwa kwa uzito mwingine. Nunua mashudu wakati vinu vinafanya kazi. Ukingoja kiangazi kikolee utagombania na kila mfugaji. Ila angalia: mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa anaihimili akilishwa kwa kiasi. Nguruwe, kuku na ndama wadogo usiwape.

Kabla hujaingia, ulizia bei ya gunia la mashudu kiwandani, bei ya ng'ombe mnadani na gharama ya chanjo na dawa. Njoo nazo ofisini tupige hesabu.