Rimoti ya Winchi: Kuwasha ni Rahisi, Kazi Ipo Kwenye Kuzima

Anayefika Tunduma wakati wa mvua hana haja ya kuuliza winchi ni ya nini. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, hupanga foleni ndefu, na dereva akikosea kidogo kupisha mwenzake, matairi ya kushoto yanazama kwenye tope la pembeni mwa lami. Ukishuka bondeni kuelekea Kamsamba na Ziwa Rukwa, brekidauni haiitiki haraka. Pikapu hujinasua yenyewe kwa winchi ya umeme iliyofungwa kwenye bampa, au inalala hapohapo.

Winchi nyingi za aina hiyo huuzwa na kitufe chenye waya wa mita chache. Anayekishika analazimika kusimama jirani na waya wa chuma uliokazwa kwa nguvu ya tani kadhaa. Waya huo ukikatika, au ndoano ikichomoka, hurudi kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kukwepa. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kutaka rimoti isiyo na waya, na fundi umeme wa magari anaweza kuitengeneza mwenyewe. Tatizo ni kwamba wengi wakishaona winchi inazunguka kwa kubonyeza kutoka mbali, huona kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza.

Tuanze na umeme wenyewe. Winchi ya pauni 12,000, yaani kama tani tano na nusu, ikivuta mzigo wake wote inaweza kula ampea 400 hivi. Hakuna rilei ndogo ya rimoti itakayopitisha umeme huo. Haupiti hata kwenye kile kitufe cha waya: kitufe hupeleka umeme mdogo tu kwenye koili za solenoidi zilizo ndani ya boksi la winchi, na solenoidi ndizo zinazounganisha betri na mota kwa vipande vizito vya shaba. Kwa kawaida utakuta nyaya tatu: mmoja wa pamoja, mmoja wa kuvuta, mmoja wa kuachia. Rimoti yako inaingia hapo, sambamba na kitufe cha zamani, ambacho usikitupe.

Kinachohitajika ni kipokezi cha njia mbili chenye rilei mbili, kile kinachotumika kwenye mageti na alamu. Kabla ya kukinunua, pima betri. Pikapu nyingi ni za volti 12 lakini malori ni ya volti 24, na hata Land Cruiser fulani za zamani zilizotoka Japani zina betri mbili na volti 24. Mita ikisoma karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa, ni volti 12. Ikisoma 25 na kitu, ni volti 24, na kipokezi cha volti 12 kinaweza kuungua ukikiunganisha. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya unaolisha kipokezi na rilei zake, karibu na betri kadiri inavyowezekana.

Kisha masafa. Vipokezi vya bei nafuu huja kwa megahezi 315 au 433. Katika mgawanyo wa dunia wa masafa, Afrika iko kanda moja na Ulaya, na bendi ya vifaa vidogo vya aina hii katika kanda hiyo ni ya 433. Chagua hiyo, na uulize kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Antena ni kipande cha waya chenye robo ya urefu wa wimbi: kwa 433 ni sentimita 17.3. Kinyooshe nje ya boksi la chuma, kwa sababu ukikikunja ndani, rimoti itagoma ukiwa hatua chache tu.

Sasa tuje kwenye kuzima. Kipokezi kinaweza kupangwa kwa namna kadhaa: rilei ishike pale tu kidole kinapobonyeza, au ibonyezwe mara moja ibaki imeshika mpaka ibonyezwe tena. Kwa geti la nyumbani namna ya pili haina shida. Kwa winchi ni marufuku. Rimoti ikidondoka matopeni, betri yake ikiisha, au lori lingine likipita katikati na kuziba mawimbi, winchi lazima isimame yenyewe. Lijaribu hilo kabla ya kufunga mzigo wowote: bonyeza kuvuta, mwenzako achomoe betri ya rimoti huku kidole kikiwa bado juu ya kitufe. Isiposimama, fungua boksi urudie upya.

Hatari ya pili ni kuvuta na kuachia kushika kwa wakati mmoja. Katika maboksi mengine hiyo ni shoti ya moja kwa moja kwenye betri. Usitegemee vidole vya mtumiaji. Pitisha umeme wa rilei ya kuvuta kwenye mguu wa rilei ya kuachia unaokuwa umeunganika wakati rilei hiyo imelala, na vivyo hivyo kwa upande wa pili. Hapo moja ikishika, nyingine haiwezi kupata umeme kamwe.

Ya tatu ndiyo inayowaangusha mafundi wazuri. Koili ya solenoidi ikikatiwa umeme hurudisha msukumo wa volti nyingi kuliko za betri, na cheche yake hula ncha za rilei ndogo kidogo kidogo. Siku moja ncha hizo hugandana, na rilei inabaki imeshika hata ukiitupa rimoti ziwani. Dawa yake ni dayodi moja kwa kila koili, 1N4007 inatosha, mstari wake mweupe ukielekea upande wa chanya. Ukiigeuza utaunguza fyuzi, na ndiyo maana fyuzi ipo.

Lakini dayodi haziokoi solenoidi kubwa. Betri ikiwa dhaifu, mota inapoanza kuvuta volti huporomoka, koili inalegea, inashika, inalegea, na ile shaba nzito inachomelewa na cheche zake yenyewe. Kuanzia hapo hakuna kitufe, cha waya wala kisicho na waya, kitakachoisimamisha winchi. Kinachobaki ni swichi kubwa ya kukata betri, iliyofungwa mahali unapoweza kuifikia bila kuvuka waya wa chuma. Kwa hiyo vuta injini ikiwa inawaka, vuta kwa vipindi vifupi, na mlio wa mota ukianza kuwa mzito, achia kitufe.

Neno kuhusu misimbo ya siri ya rimoti, kwa sababu Tunduma ni mji wa maegesho. Rimoti za aina ya zamani zina msimbo unaopangwa kwa kulehemu miguu ya chipu. Nyingi hutoka kiwandani miguu ikiwa mitupu, kwa hiyo zote zinafanana. Jirani yako aliyenunua duka moja nawe anaweza kufungua geti lake na kuamsha winchi yako. Nunua yenye msimbo wa kipekee, au bora zaidi ile inayobadilisha msimbo kila ikibonyezwa, na ufute misimbo yote iliyomo kwenye kipokezi kabla ya kukifundisha rimoti yako. Na usipovuta, swichi kubwa ikae imezimwa.

Kwa wenye boti upande wa Rukwa, mfumo ni huohuo: winchi nchi kavu, betri pembeni, na mtu mmoja anayeongoza mkia wa boti akiwa na rimoti mkononi. Ziwa hili ni la kina kifupi, halina mto unaotoka, na kina chake hupanda na kushuka sana, hivyo boti huweza kuburutwa mbali juu ya tope. Maji yake ya magadi ni adui wa nyaya. Paka grisi kwenye vichwa vya betri, weka kipokezi kwenye boksi lenye mpira wa kuzuia maji, na nyaya ziingie kwa chini.

Rimoti ikishakamilika, itumie kwa kazi iliyotengenezewa. Simama kando, mbali na mstari wa waya, tandika blanketi zito au gunia juu ya waya, na acha angalau mizunguko mitano kwenye ngoma. Winchi ya kuvuta gari isitumike kunyanyulia mtu wala injini. Na kama bado hujafunga swichi ya kukata betri, tafadhali hela ya rimoti nunulia swichi hiyo kwanza.