Tuchague mtaa kwa shughuli, si kwa jina

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jirani yetu kule Kosele, alinijia wakati wa likizo akiwa amejaa uchungu. Alikuwa amempeleka mamake kwa matibabu katika hospitali moja kubwa iliyo magharibi mwa jiji la Nairobi. Walifikia kwa binamu yake, Ongata Rongai, kwa kuwa huko malazi yalikuwa bure. Siku ya kwanza msongamano wa magari uliwazuia njiani, wakafika saa nne nafasi ya mama ikiwa imekwisha kupita. Siku ya pili mvua ilinyesha, na mambo yakawa yale yale. Wakarudi nyumbani mama hajaonwa na daktari.

"Mwalimu," aliniambia, "nililala bure, lakini nimelipa."

Kauli hiyo haijanitoka akilini. Wengi wetu tutokao mashambani huchagua mtaa wa kufikia kwa mojawapo ya sababu tatu: udugu, bei nafuu, au sifa ya jina. Aghalabu tunasahau sababu ya nne, nayo ndiyo iliyotutoa nyumbani: shughuli yenyewe.

Tatizo hili lina mizizi katika historia. Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899, na serikali ya kikoloni ikaugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walijitengea miinuko yenye baridi ya magharibi na kaskazini. Wahindi wakajaa Ngara na Parklands. Mwafrika akasukumwa mashariki, katika mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Ubaguzi huo ulifutwa, lakini ramani haikufutika. Hata leo vyumba vingi vya bei nafuu viko mashariki na pembezoni mwa jiji, ilhali ofisi nyingi tunazoziendea ziko katikati au magharibi. Makao makuu ya Tume ya Huduma za Walimu, kwa mfano, yako Upper Hill. Mgeni aliyelala Dandora akiwa na miadi huko hana budi kulivuka jiji zima asubuhi, saa ambapo kila mtu analivuka.

Kuhusu majina, niruhusiwe kusema kama mwanaisimu. Jina la mtaa huhifadhi historia. Halipimi umbali wala usalama. Kariokor ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kibera limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Nani leo aendaye Kibera kutafuta msitu? Isitoshe, majina huvutika. Mwenye chumba Kangemi atakuambia yuko Westlands, na wa Kawangware atajiita jirani wa Lavington. Kijiografia hasemi uongo mtupu, lakini mgeni atakapoteremka garini ndipo atakapotambua kwamba amelipia jina.

Basi mgeni na ajiulize maswali machache kabla ya kupanda basi pale Oyugis. Shughuli yangu iko wapi, na ni saa ngapi? Je, nitafika kwa miguu, au kwa gari moja tu? Mwanafunzi anayekwenda Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwenye barabara ya Thika, ana faida gani kulala Rongai, upande mwingine kabisa wa jiji? Heri Kahawa Wendani, mlangoni pa chuo. Mwalimu mwenye kikao katika Taasisi ya Ukuzaji Mitaala atafute malazi Ngara, ilipo taasisi hiyo. Aulize pia siku za mgao wa maji, na kama basi likifika alfajiri kuna wa kumpokea. Vyumba vya River Road viko karibu na vituo vya mabasi, lakini mwenye mtihani asubuhi ajue kwamba huko usiku haulali.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kwetu Waluo, kupita mlango wa ndugu ukaenda kulala kwa malipo ni kama kumtukana. Siupuuzi utu huo. Ndio uliotulea, na wengi wetu tulisoma kwa kulala sebuleni mwa wajomba. Walakini, heshima kwa ndugu haipimwi kwa usiku tunaolala sakafuni pake. Hupimwa kwa ukweli tunaomwambia. Ndugu akielezwa mapema kwamba mgonjwa hawezi safari ndefu alfajiri, ataelewa. Na asipoelewa leo, ataelewa kesho. Ama mwenye shughuli isiyo na haraka, huyo afikie kwa nduguye bila kusita.

Mwalimu yule alirudi Nairobi na mamake miezi miwili baadaye. Safari hii alimpigia binamu simu kwanza, kisha akakodi chumba kidogo kwa siku mbili, mwendo wa dakika chache kutoka hospitalini. Saa moja asubuhi mama alikuwa kwenye foleni, akaonwa siku hiyo hiyo. Jumamosi walikwenda Rongai. Binamu alinuna kidogo mlangoni, kisha akachinja kuku.