Kiuno Kikiuma, Usikilaze Juu ya Gogo



Wakati wa palizi watu wengi hurudi nyumbani wameshika kiuno. Mtu ameinama tangu asubuhi. Jua likipanda anataka kusimama wima, lakini kiuno kinakataa. Anainuka kidogo kidogo kama mzee, hata kama umri wake ni miaka 30.

Maumivu haya si ya wakulima wa Tanzania peke yao. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani kiunoni.

Mimi ni bwana shamba. Cheti nilicho nacho ni cha kilimo, si cha uganga. Lakini kiuno changu kimenifundisha. Mwaka mmoja wakati wa mavuno nilinyanyua gunia la mahindi peke yangu, kwa sababu sikutaka kumsubiri mwenzangu. Nilisikia kitu kimevuta kiunoni. Usiku ule sikuweza hata kugeuka kitandani.

Siku zile mwanangu alikuwa amerudi likizo kutoka mjini. Yeye ni mchezaji wa mpira. Alikuja na gogo la sponji. Ni kitu cha mviringo kama kipande cha mti, na upana wake ni kama sentimita 15. Sponji yake ni ngumu kuliko ile ya godoro. Wachezaji hulilalia na kujisogeza juu yake ili kulegeza misuli iliyokaza.

Nikaona dawa imenifuata nyumbani. Niliweka gogo chini ya kiuno, pale pale panapouma. Nikalala chali juu yake na kujisukuma mbele na nyuma kwa nguvu. Nilifikiri kwamba likiuma ndipo linaponya. Asubuhi sikuweza kuinama kuosha uso.

Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kosa langu. Sehemu ya juu ya mgongo ina pingili 12. Zimeshikwa na mbavu kulia na kushoto, kwa hiyo ni imara. Kiunoni kuna pingili 5 tu, wala hakuna mbavu za kuzishika. Ukilala chali juu ya gogo hapo, kiuno kinapindwa kama upinde. Misuli inakaza zaidi ili kuulinda uti wa mgongo. Tena figo ziko karibu na hapo, chini ya mbavu za mwisho. Hapo si mahali pa kugandamiza.

Basi gogo tuliweke wapi? Liweke kwa majirani wa kiuno. Misuli ya makalio na ya mapaja imeshikana na nyonga. Misuli hiyo ikikaza, kiuno nacho kinavutwa. Ukiilegeza, mara nyingi kiuno kinapata nafuu.

Gogo la blanketi

Kama huna gogo la sponji, usihangaike kulitafuta. Chukua blanketi zito. Likunje, kisha liviringishe likaze sana. Lifunge kwa kamba mahali patatu. Liwe nene kama paja la mtu mzima. Mimi sasa natumia blanketi, na naliona ni bora kwa anayeanza, kwa sababu ni laini kidogo. Usitumie mchi wa kinu, wala kipande cha mti, wala chupa ya soda. Mchi na mti vinaumiza mifupa, na chupa inaweza kukupasukia.

Tandika mkeka chini, mahali palipo sawa. Kalia gogo, huku mikono yako miwili imeshika chini nyuma yako. Pandisha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto. Sasa egemea upande wa kulia, uzito uwe kwenye kalio la kulia. Jisogeze polepole mbele na nyuma, mwendo mfupi tu. Ukipata mahali panapouma kidogo, tulia hapo. Vuta pumzi na uitoe. Hesabu polepole mpaka 30, kisha hamia upande wa pili.

Halafu weka gogo chini ya mapaja, kwa nyuma. Jisogeze kutoka karibu na makalio mpaka kabla ya kufika goti. Usipite juu ya goti.

Mwisho ni mgongo wa juu. Lala chali, gogo likiwa chini ya mabega. Kunja magoti. Shika kichwa kwa mikono ili shingo isining'inie. Inua makalio kidogo na ujisogeze. Gogo lishuke mpaka mbavu zinapoishia, kisha lirudi juu. Zikiisha mbavu, ndiyo mpaka.

Mahali pamoja pasizidi dakika 1 au 2. Maumivu yawe kama yale ya kukandwa misuli iliyochoka. Yakiwa makali kama kisu, au yakishuka mguuni kama moto, acha mara moja. Mama mjamzito asitumie gogo. Mzee ambaye mifupa yake imedhoofika asitumie. Aliyeanguka au kugongwa asitumie mpaka apimwe.

Na ile desturi ya kuwaita watoto wakukanyage mgongo, tuiache. Najua inapendwa. Hata baba yangu aliipenda. Lakini mtoto hajui mpaka wa mbavu, na uzito wake wote uko kwenye kisigino.

Sasa nikuambie ukweli. Gogo linalegeza misuli, lakini nafuu yake ni ya muda mfupi. Kinachosaidia zaidi ni kutembea na kuuzoeza mwili. Zamani watu waliambiwa walale kitandani wiki nzima. Siku hizi imejulikana kwamba kulala sana kunadhoofisha mgongo. Mwezi Desemba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno yanayodumu zaidi ya miezi 3. Mazoezi yametajwa kati ya mambo ya kufanya. Mikanda ya kufunga kiuno haikupendekezwa.

Maumivu yasiyo ya gogo

Katika kijiji kimoja ninachohudumia kuna mama aliyeumwa mgongo miezi mingi. Watu walisema ni jembe. Alikandwa kwa maji ya moto na kukanyagwa mgongo. Nilipomtembelea shambani niliona amekonda. Alisema usiku anatoka jasho na homa inakuja na kuondoka. Nilimwambia mumewe ampeleke zahanati kesho yake. Zahanati ikamtuma hospitali. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wengi hawajui kwamba kifua kikuu hushika mifupa pia. Dawa zake hutolewa bila malipo, ila humezwa kwa miezi mingi. Alizimeza zote. Sasa analima, ingawa mgongo umebaki na kibyongo kidogo kwa sababu alichelewa.

Wafugaji nao wana adui wao. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi humpata mtu kwa maziwa mabichi, au kwa kumzalisha mnyama bila kinga ya mikono. Mtu huyo hupata homa za vipindi na maumivu ya viungo na mgongo. Gogo halitamsaidia. Chemsha maziwa.

Nenda zahanati ukiona maumivu ya kiuno pamoja na homa, kukonda, au damu kwenye mkojo. Mguu ukiishiwa nguvu, nenda. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au ukipata ganzi katikati ya mapaja, usingoje asubuhi. Hiyo ni hatari kubwa. Mishipa ya fahamu inabanwa, na kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu.

Narudi kwenye gunia langu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Gunia la mahindi lina kilo 100, na lumbesa inazidi hapo. Kwa hiyo nyanyueni watu wawili au zaidi, au gaweni mzigo. Chuchumaa, mzigo uwe karibu na kifua, na uinuke kwa nguvu za miguu. Usijipinde ukiwa umeubeba. Kwenye palizi, tia jembe mpini mrefu zaidi, na kila ukimaliza mstari simama wima, tembea hatua chache, ndipo uanze mwingine.

Jioni tandika mkeka wako, fanya dakika 10. Ukimaliza fungua zile kamba, ukung'ute blanketi, maana usiku utalihitaji kujifunika.